Kutoa Powerglide na kufunga giaboksi ya gia nne kwenye Chevrolet ya zamani

Mwongozo huu ni wa mwenye Chevrolet ya miaka ya 1960, tuseme Impala ya 1965 au Chevelle ya 1964 hadi 1967, yenye injini ndogo ya V8 na giaboksi ya otomatiki ya Powerglide iliyotoka nayo kiwandani. Gari la namna hii linapendeza kuliendesha mjini, lakini ukilitoa barabara kuu injini inalia safari nzima. Sababu ni kwamba Powerglide ina gia mbili tu: ya kuondokea na ya moja kwa moja. GM, kampuni mama ya Chevrolet, waliianza mwaka 1950, wakaipa ganda la alumini mwaka 1962, na wakaiacha mwaka 1973. Ni giaboksi imara na sina neno baya juu yake, ila iliundwa kwa mwendo wa zama zake.

Angalia hesabu. Chukua difu yenye uwiano wa 3.36 na tairi lenye kipenyo cha inchi 27. Kwa kilomita 100 kwa saa, Powerglide ikiwa gia ya juu, injini inazunguka karibu mara 2,600 kwa dakika. Ukifunga giaboksi ya 700-R4, gia yake ya nne yenye uwiano wa 0.70 inashusha mzunguko huo hadi kama 1,800. Upande wa kuondoka nako kuna faida: gia ya kwanza ya Powerglide ni 1.82, ya 700-R4 ni 3.06. Zidisha kila moja kwa difu hiyo hiyo, unapata 6.1 dhidi ya 10.3. Kwa hiyo gari linaondoka kwa wepesi na linasafiri kwa utulivu, injini ikiwa ile ile.

Kazi hii haihitaji kukata chasisi wala bodi. Inahitaji vipimo sahihi kabla ya kununua chochote, na kebo moja iliyorekebishwa sawasawa kabla ya injini kuwashwa. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama giaboksi itaishi miaka au itaungua siku ya kwanza, nami nitayakalia zaidi kuliko mengine.

Chagua giaboksi

Mbili ndizo zinazofaa: 700-R4 na 200-4R. Zote ni za GM, zote zina gia nne, na hazihitaji kompyuta. Yoki ya mbele ya propela yako, yenye meno 27, inaingia kwenye zote mbili bila kubadilishwa.

700-R4 ilianza na magari ya mwaka 1982. Gia zake ni 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Za miaka ya mwanzo zilikuwa na shafti ya kuingizia nguvu yenye meno 27, nayo ni dhaifu. Baadaye kidogo, kwa injini za V8, wakaweka ya meno 30. Chomoa konvata, lile duara la oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, uyahesabu kabla hujalipa. Zilizotengenezwa kuanzia 1987 zina maboresho mengi ndani, na ndizo ninazokushauri. Mwaka 1990 ikabadilishwa jina kuwa 4L60, na kuanzia 1993 ikaja 4L60E inayoongozwa na umeme. Hiyo yenye herufi E iache, maana haibadilishi gia bila kontroli boksi.

200-4R ilitengenezwa kati ya 1981 na 1990. Gia zake ni 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67, na ndiyo iliyofungwa kwenye Buick Grand National. Uzuri wake ni urefu. Inakaribiana sana na Powerglide, kwa hiyo propela mara nyingi haiguswi. Kasoro yake kwako ni sehemu ya maunti, yaani mpira unaobeba giaboksi: iko nyuma sana, kama inchi 27 kutoka uso wa mbele, wakati ya Powerglide iko kama inchi 20 3/8.

Ukienda kwa wauza spea za mtumba, usiamini maneno, hesabu bolti za sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Powerglide ina 14, TH350 (giaboksi nyingine ya GM, ya gia tatu) ina 13, na 700-R4 ina 16. Halafu uliza imetoka gari gani. Ya Caprice, ya Camaro ya V8 au ya pikapu inayovuta magurudumu mawili inafaa. Iliyofungwa nyuma ya V6 ya lita 2.8 haitashika injini yako, kwa sababu mdomo wake, yaani sehemu inayofungwa kwenye injini, una mpangilio mwingine wa bolti. Ya gari la kuvuta magurudumu manne ina mkia tofauti. Ya Corvette kuanzia 1984 haina mahali pa maunti. Kagua pia kama mkia una tundu la kebo ya spidomita, kwa kuwa za miaka ya mwisho zilihamia kwenye sensa ya umeme.

Kuanzia hapa nitafuata 700-R4, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa wingi.

Pima gari likiwa bado zima

Powerglide fupi ina urefu wa inchi 27 9/16, na 700-R4 inchi 30 3/4. Tofauti ni sentimita 8 hivi, na kiasi hicho ndicho propela yako itakachofupishwa. Maunti inarudi nyuma kama sentimita 5. Ingia chini ya gari na rula, uone kama krosmemba, chuma kinachokatiza chini ya giaboksi na kuibeba, inaweza kusogezwa umbali huo kwenye reli za chasisi, au utahitaji ya kununua iliyotengenezwa kwa kazi hii. Angalia pia bomba la ekzosti linapita wapi.

Tahadhari kwa wenye Impala za 1958 hadi 1964: chasisi zenu zina umbo la X na propela ni ya vipande viwili yenye beringi katikati. Kazi inawezekana, lakini vipimo ni vingine kabisa na hatua za krosmemba na propela za hapa hazitawafaa.

Tazama difu pia. Kama ni 3.08 au chini yake, gia ya nne itakuwa nzito mno kwa injini ndogo, itakuwa inaburuta. 3.36 inatosha. 3.55 au 3.73 ni nzuri zaidi, hasa kwa anayebeba mizigo au anayeishi penye milima.

Jambo la spana nalo si dogo. Masanduku mengi ya mafundi wetu yamejaa spana za milimita kwa sababu ya Toyota. Gari hili ni la inchi, na 700-R4 yenyewe ina mchanganyiko: baadhi ya bolti zake ni za milimita. Uwe na seti zote mbili, la sivyo utaharibu vichwa vya bolti ambazo hazipatikani kirahisi Dar es Salaam wala Mombasa.

Kutoa Powerglide

Ondoa waya wa betri. Pandisha gari kwenye stendi nne imara, juu vya kutosha giaboksi ipite chini ya bodi ikiwa juu ya jeki. Usifanye kazi hii gari likiwa limesimama kwenye jeki peke yake, hata kwa dakika mbili.

Mwaga oili. Weka alama kwenye propela na yoki ya difu, kisha itoe. Fungua kebo ya spidomita, mabomba ya kupozea oili, mkono wa selekta, fito inayotoka kwenye kabureta, na mpira mdogo wa vakyumu. Huo mpira hautatumika tena, kwa hiyo ziba tundu lake kwenye injini, vinginevyo injini itavuta hewa na kusailensa (kuzunguka bila kukanyagiwa mafuta) vibaya.

Fungua kifuniko cha vumbi, geuza injini kwa mkono, utoe bolti tatu za konvata moja baada ya nyingine. Kabla ya kugusa krosmemba, weka jeki na kipande cha mbao chini ya sehemu ya nyuma ya injini. Distribyuta ya V8 hii iko nyuma kabisa. Injini ikiinama inagonga ukuta wa bodi na kifuniko kinapasuka. Kisha toa krosmemba, fungua bolti za mdomo, rudisha giaboksi nyuma pamoja na konvata yake, ishushe.

Usiiuze hiyo Powerglide. Ifunge kwenye turubai na fito zake zote. Siku ukitaka kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, au mnunuzi akitaka, kila kitu kipo.

Fleksipleti na konvata

Hapa wengi wanachanganya. Fleksipleti, sahani yenye meno iliyo nyuma ya injini inayoshikwa na konvata, inafuata injini, haifuati giaboksi. Krankishafti za V8 ndogo za Chevrolet hadi 1985 zina sili ya nyuma ya vipande viwili. Kuanzia 1986 ni ya kipande kimoja, na mpangilio wa bolti pamoja na uzani wa kusawazisha ni tofauti. Fleksipleti iliyokuja na giaboksi ya Caprice ya 1988 haikai kwenye injini ya 1965. Tumia ya injini yako kama haina nyufa na meno yake ni mazima, na uhakikishe matundu yake yanalingana na konvata mpya. Kuna za meno 153 na za meno 168, na starta zake hazifanani: ya 153 ina bolti mbili zilizokaa sambamba, ya 168 zimekaa mshazari. Bolti za konvata ya 700-R4 ni za milimita, kwa hiyo zile za zamani za inchi usizilazimishe.

Mimina lita moja ya oili ndani ya konvata, kisha iingize kwenye giaboksi huku ukiizungusha na kuisukuma polepole. Itazama kwa hatua, na kila hatua utaisikia ikidondoka mahali pake. Endelea hadi isizame tena.

Pandisha giaboksi kwa jeki yake, ukiifunga kwa mkanda, maana ina uzito wa kama kilo 70. Pini mbili za kuelekeza lazima ziwepo nyuma ya bloku. Uso wa giaboksi ukutane na uso wa injini kwa kusukuma kwa mikono tu, bila bolti kuvuta chochote. Ukiona pengo, simama. Konvata haijaingia kwenye pampu, na ukivuta kwa bolti utaipasua pampu. Nyuso zikigusana, kaza bolti za mdomo kwa futi-pauni 35.

Sasa konvata inapaswa kuzunguka kwa mkono bila kugusa fleksipleti. Ivute mbele, upime: pengo kati yake na fleksipleti kabla ya kufungwa liwe milimita 3 hadi 5. Likiwa dogo kuliko hapo konvata itaisukuma pampu ikipata joto. Likiwa kubwa, tafuta washa sahihi za kujazia. Baada ya hapo funga bolti zake tatu.

Kebo ya TV

Soma polepole hapa. TV ni kifupi cha throttle valve, vali ya giaboksi inayovutwa na kebo kutoka kabureta.

Kwenye TH350, kebo inayotoka kabureta ina kazi moja: kurudisha gia chini unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Shinikizo la oili linaongozwa na vakyumu. Fundi aliyezoea TH350 anaiona kebo ya 700-R4, anadhani ni ile ile, anasema ataifunga kesho, anaenda kujaribu gari. Kabla hajarudi, klachi pleti za gia ya tatu na nne zimeungua.

Kwenye 700-R4 na 200-4R, kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, na giaboksi inapandisha shinikizo la oili kulingana na hapo. Shinikizo ndilo linalobana klachi pleti. Kebo ikilegea, injini inasukuma kwa nguvu zake zote wakati pleti zimebanwa kwa shinikizo la sailensa. Zinateleza, zinapata moto, zinaisha. Kwa hiyo usiwashe injini, hata kwa kuisogeza gari gereji, kebo ikiwa haijafungwa na kurekebishwa.

Kuna mambo mawili: mahali kebo inaposhika, na urefu wake.

Mahali kwanza. Pini ya kebo kwenye mkono wa kabureta iwe kama inchi 1 1/8 kutoka katikati ya shafti ya throtli. Ikiwa karibu zaidi, kebo haivutwi vya kutosha. Ikiwa mbali, shinikizo linapanda vibaya. Kabureta ya Quadrajet iliyotoka kwenye gari lenye giaboksi hii ina mkono sahihi tayari. Kwa Holley au Edelbrock nunua mkono na breketi za kurekebisha, zinauzwa kwa ajili hii. Usitoboe tundu kwa kukisia.

Urefu sasa. Injini imezimwa. Kwenye breketi kuna kitelezi chenye kitufe. Bonyeza kitufe, sukuma kitelezi kirudi nyuma, upande wa mbali na mkono wa kabureta, hadi kikome, kisha achia. Mwambie msaidizi akanyage pedeli ya mafuta hadi sakafuni. Utasikia kitelezi kikiruka meno kuja mbele na kusimama. Hapo kimejipima. Tumia pedeli, usivute kabureta kwa mkono: magari mengi ya zamani, pedeli ikifika sakafuni kabureta haijafunguka yote, na tatizo hilo lazima ulione na kulirekebisha kabla ya kupima kebo.

Angalia matokeo. Throtli ikiwa wazi kabisa, kebo imevutwa hadi mwisho wake, haina ulegevu hata kidogo. Throtli ikifungwa, kebo inarudi bila kunata na inabaki na mvuto mdogo.

Uhakika kamili unaletwa na geji ya shinikizo. Funga geji ya psi 300 kwenye tundu la kupimia lililo ubavuni mwa giaboksi, upande wa kushoto wa gari. Injini ikisailensa geji isome kama 55 hadi 70. Ukigusa mafuta kidogo tu, sindano lazima ipande papo hapo. Ikisubiri kwanza ndipo ipande, kebo bado imelegea. Geji hii ni rahisi kuliko seti moja ya klachi pleti, na ningemwomba kila mwenye gari ainunue kabla ya rangi, rimu au redio.

Umeme wa konvata

Konvata ya 700-R4 inajifunga ndani ukifika mwendo wa barabara kuu, ili isiteleze. Bila kujifunga, oili inachemka safari ndefu, kwa hiyo usiache waya huo ukining'inia. Kipande cha kuunganishia chenye waya kinauzwa. Umeme wa volti 12 unatoka kwenye swichi ya kuwashia, unapita fyuzi, unapita swichi ya breki, ndipo unaingia giaboksi. Swichi ya shinikizo ya gia ya nne iliyo ndani inamalizia mzunguko. Swichi hiyo ya breki inapaswa kukata umeme unapokanyaga. Ya taa za breki inafanya kinyume, inawasha, kwa hiyo haifai. Ukikosea hapa injini itazima kila unaposimama ukiwa bado kwenye gia ya nne.

Selekta, propela, spidomita

Selekta ya usukani imepangwa P, R, N, D, L. Giaboksi mpya ina nafasi saba. Badilisha kipande cha ndani cha kolamu kwa kifurushi chake, au funga selekta ya sakafuni. Lolote utakalochagua, hakikisha mkono wa kwenye giaboksi unadumbukia kikamilifu katika kila nafasi. Ukisimama katikati ya nafasi mbili, oili inapita nusu na klachi zinaungua vile vile. Hakikisha pia gari linawaka kwenye P na N pekee.

Propela ipimwe mwisho, maunti na krosmemba zikiwa zimekazwa, na uzito wa gari ukiwa juu ya ekseli ya nyuma. Sukuma yoki hadi ndani kabisa, irudishe nje milimita 20 hadi 25, kisha pima kutoka katikati ya krosi moja hadi nyingine. Peleka kipimo hicho kwa mtengeneza propela, aikate na kuibalansi kwa mashine. Mkia wa giaboksi ukielekea chini digrii 3, pua ya difu iinuke kiasi hicho hicho.

Spidomita ikidanganya, linganisha na simu. Ikisoma 110 wakati mwendo halisi ni 100, zidisha meno ya gia iliyo mwisho wa kebo yake kwa 1.1, ununue yenye idadi hiyo.

Oili na kuwasha

Suuza mabomba na kipozeo kilicho ndani ya rejeta, maana uchafu wa giaboksi ya zamani hukaa humo. Bomba la chini la giaboksi ndilo linalotoa oili ya moto, la juu linarudisha. Ongeza kipozeo cha nje mbele ya rejeta, hasa kama uko kwenye joto la Muscat au Arizona.

Tumia Dexron. Giaboksi kavu pamoja na konvata inakunywa kama lita 11. Weka lita 4 au 5 kwanza, washa, ongeza lita moja moja huku injini ikisailensa. Kanyaga breki, pitisha selekta nafasi zote taratibu, rudi P. Kipimo cha kweli ni oili ikiwa ya moto, injini ikiwaka, gari likiwa sehemu tambarare.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya mguu mwepesi. Gia ya pili iingie kama kilomita 25 kwa saa, ya nne kama 65 au 70. Gia zote zikiwahi kuingia na kwa ulegevu, kebo imelegea: simama na uirekebishe hapo hapo, na ukisikia harufu ya oili iliyoungua, livute gari kurudi nyumbani, usiliendeshe. Gia zikichelewa na kugonga, kebo imebana mno.

Baada ya kilomita 800 shusha sampu, badilisha filta, kaza tena bolti za krosmemba na za propela. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida kwa pleti mpya zinazokaa. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au tope jeusi lenye harufu kali, funga tena geji ya shinikizo kabla ya safari nyingine yoyote.